Kitovu, Nanasi na Karatasi ya A4

Siku hiyo Kidato cha Tatu walikuwa wametulia kuliko kawaida, na mwalimu wao wa hisabati akadhani wamekolewa na ufasaha wake. Ubaoni alikuwa amechora mtu aliyesimama wima, akamkata kwa mstari kwenye kitovu, na pembeni akaandika 1.618. Chukueni urefu wote wa binadamu, aliwaambia, muugawe kwa urefu wa kutoka kitovuni hadi unyayoni, mtapata namba hii. Namba hiyo hiyo ndiyo iliyojenga mahekalu ya Wagiriki, ndiyo iliyouchora uso wa Mona Lisa, ndiyo iliyojikunja kwenye magamba ya bahari. Somo hilo alikuwa akilitoa kila mwaka kwa darasa jipya, na kila mwaka lilipendwa.

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunaweza kupima?"

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na ndani ya begi lake, kati ya daftari la jiografia na kopo la chakula, mlikuwa na tepu ya kupimia nguo. Mwalimu angekataa vipi? Wavulana wakapimana wao kwa wao, wasichana wao kwa wao, huku mmoja akigawa na mwingine akiandika ubaoni. Wa kwanza 1.69. Wa pili 1.63. Wa tatu 1.58. Kulikuwa na mmoja aliyepata 1.74, darasa likamshangilia kana kwamba amefunga goli. Aliyeikaribia namba tukufu kuliko wote alikuwa kijana mwenye viatu vya soli nene, na alipovivua, naye akaikimbia.

Mwalimu akatafuta neno la kujiokoa, akalipata: wastani. Namba hii, alisema, ni ya wastani.

"Wastani wa nani, mwalimu?"

Kengele ya mapumziko ikamwokoa. Mwalimu huyo ndiye mwandishi wa makala haya, kwa hiyo hapa hakuna wa kumtetea.

Jioni ile alijiuliza somo lile alilitoa wapi. Jibu halikupendeza: kwenye kitabu chenye picha nzuri alichoazima akiwa chuoni, ambacho nacho kililitoa kwenye kitabu kingine. Hakuwahi kupima hata kitovu chake mwenyewe. Miezi iliyofuata aliitumia kuifuatilia namba hiyo mpaka kwao.

Kwao ni kwenye jiometri. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euklide aliandika katika kitabu chake cha Elementi kwamba mstari unaweza kukatwa mahali ambapo mstari mzima, ukilinganishwa na kipande kikubwa, una uwiano ule ule ambao kipande kikubwa kinao na kile kidogo. Uwiano huo ni 1.618 na desimali zisizo na mwisho. Hekalu hakulitaja, wala kitovu. Baada ya karne nyingi, mwaka 1509, mtawa Luca Pacioli alichapisha huko Venice kitabu kilichouita uwiano wa kimungu, na michoro yake ilitoka mkononi mwa Leonardo da Vinci. Hapo ndipo watu wengi wanapokamata ushahidi wao. Lakini Pacioli alipofika kwenye ujenzi, aliwarudisha wasomaji wake kwenye vipimo vyepesi vya Mrumi Vitruvius, vya namba nzima. Sifa ya "dhahabu" ilichapishwa mwaka 1835 na Martin Ohm, mdogo wake yule Ohm wa umeme. Na dai kwamba uwiano huu unatawala mwili wa binadamu, mimea na sanaa kwa pamoja lilitangazwa kwa nguvu na Mjerumani Adolf Zeising mwaka 1854. Yaani "siri ya kale" ile ilianza kuvuma Seyyid Said wa Unguja angali hai.

Na hekalu lenyewe? Parthenon ya Athens, iliyoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, ina jukwaa lenye upana wa takriban mita 30.9 na urefu wa takriban mita 69.5. Gawanya. Unapata 2.25, yaani 9 kwa 4. Ni namba mbili nzima ambazo fundi anaweza kuzipima kwa kamba na kumtuma kijana wake akazikumbuke njia nzima bila kuandika.

Kituko kilichomchekesha mwalimu kuliko vyote ni cha Le Corbusier, msanifu majengo aliyetunga kipimo chake alichokiita Modulor katika miaka ya 1940. Alitaka majengo yote yafuate mwili wa mtu uliogawanywa kwa uwiano wa dhahabu. Kwanza mtu wake alikuwa na urefu wa mita 1.75. Hesabu za futi na inchi zilipogoma, akambadilisha akawa mita 1.83, futi sita kamili, na sababu aliyoitoa ni kwamba katika riwaya za Kiingereza za upelelezi, wanaume watanashati kama polisi huwa na futi sita. Kitovu cha mtu huyo wa riwaya kikawekwa kwenye mita 1.13. Ukigawa, dhahabu inatokea bila shida. Itakosaje kutokea, ikiwa mtu mwenyewe amekatwa kwa kipimo chake?

Ugonjwa huu wa kusimulia bila kupima si wa leo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi walisimulia jinsi Pythagoras alivyopita karibu na karakana ya mhunzi, akasikia nyundo zikilia kwa upatanifu, akazipima uzito, akakuta moja ni mara mbili ya nyingine, hivyo sauti zao zimepishana kwa oktava. Hadithi tamu. Nyundo halisi hazilii hivyo. Ukweli uko kwenye uzi: ufupishe nusu, sauti inapanda oktava nzima, ubakishe theluthi mbili, unapata ile hatua ambayo wanamuziki huiita ya tano. Mpiga gitaa yeyote anaweza kuhakikisha kwa rula, kwa sababu kile chuma cha kumi na mbili shingoni kimekaa katikati kabisa ya uzi. Katika karne ya 16 Vincenzo Galilei, mpiga kinanda cha nyuzi na baba yake Galileo, aliamua kuning'iniza vitu vizito kwenye nyuzi na kusikiliza. Ili sauti ipande oktava, uzito haukutakiwa mara mbili. Ulitakiwa mara nne. Karne zote zile hadithi ilisimama kwa sababu hakuna aliyefunga jiwe kwenye uzi.

Mwalimu alijiona yumo humo, kwenye msururu wa wasimuliaji wa nyundo. Tangu hapo akawa anaiuliza kila namba swali ambalo msimamizi wa ujenzi humuuliza kibarua aliyekaa kivulini: wewe hapa unafanya kazi gani?

Namba ya kwanza kumjibu ilimjibu kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, pale Kiwangwa, kwenye meza za mananasi. Alikuwa na maka peni nyekundu mfukoni. Aliokota nanasi la wastani, akalikamata kwa kilemba chake cha majani, akaanza kuweka nukta.

Nanasi lina ngozi ya macho, na kila jicho lina umbo la pembe sita lililosongwa na wenzake. Kwa hiyo toka jicho lolote unaweza kupanda kwa njia tatu: mteremko wa polepole unaozunguka kama ngazi ya mnara, mwingine mkali kidogo unaoelekea upande wa pili, na wa tatu ulio karibu kusimama wima. Kazi ni kuhesabu misururu iko mingapi kwa kila njia. Unatia nukta kwenye msururu wa kwanza, unazungusha tunda, unatia nukta kwenye unaofuata, mpaka urudi ulipoanzia. Bila nukta utapotea. Macho ya nanasi yanafanana kuliko mapacha.

"Mwalimu, unanunua au unakagua?" mama mwenye meza alimuuliza.

"Nayahesabu macho, mama."

"Haya. Ukimaliza uniambie nimekupunja mangapi."

Misururu ya polepole: 8. Ya upande wa pili: 13. Iliyokaribia wima: 21. Akachukua jingine, 8, 13, 21. Akachukua dogo lililokuwa pembeni na mapunguo, likampa 5, 8, 13. Namba zote hizi zimo kwenye mfululizo mmoja, ule ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34. Na ukigawa namba yoyote humo kwa ile iliyo nyuma yake, kadiri unavyosonga mbele ndivyo unavyoikaribia 1.618. Kumi na tatu kwa nane ni 1.625. Ishirini na moja kwa kumi na tatu ni 1.615. Namba iliyomfedhehesha kwenye kitovu ilikuwa imekaa kwenye nanasi la barabarani, haina makuu.

Akanunua matatu. Mama akayafunga kwenye mfuko bila kuuliza zaidi, lakini mwalimu alipogeuka alimsikia akimwambia jirani yake kwamba elimu nayo ina mambo.

Nanasi halijui kuhesabu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Wilhelm Hofmeister, alieleza kanuni nyepesi: kwenye ncha changa ya mmea, chipukizi jipya huchomoza pale ambapo yaliyotangulia yameacha nafasi kubwa zaidi. Ni kama abiria wanaoingia mmoja mmoja kwenye chumba cha kusubiri meli; kila mgeni hukaa mbali na waliokwisha kukaa. Mmea ukiendelea kukua, chipukizi huzidi kusukumwa nje na mengine kuzaliwa katikati, na pembe kati ya moja na linalofuata hutulia karibu na nyuzi 137.5. Hiyo ndiyo pembe unayoipata ukiukata mduara wa nyuzi 360 kwa uwiano wa dhahabu na kuchukua kipande kidogo.

Kwa nini hapo? Tazama kinachotokea pembe ikiwa nyingine. Majani yakizaliwa kila nusu mduara, yatajipanga safu mbili tu, moja kulia na moja kushoto. Ndivyo ulivyo muhindi shambani, na haujutii. Yakizaliwa kila theluthi ya mduara, zinakuwa safu tatu. Ng'oa ndago, lile gugu linalowachosha wakulima, uzungushe shina lake kati ya vidole: utazihisi kona tatu, na majani yake yamefuata kona hizo. Sehemu yoyote rahisi ya mduara huishia kwenye safu, na kati ya safu na safu kuna uwazi unaopotea bure. Namba ya dhahabu ndiyo mbishi kuliko zote katika kukaribiwa na sehemu rahisi, kwa hiyo chipukizi halimwangukii mwenzake mgongoni na nafasi hujazwa karibu yote. Misururu 8 na 13 tunayoiona kwenye tunda ni alama za pale pembe hiyo inapokaribia kurudia njia lakini ikakosa kidogo.

Huko Ufaransa, mwaka 1992, wanafizikia Stéphane Douady na Yves Couder walifanya jambo ambalo mwalimu angelipa nauli kuliona. Walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku katikati ya sahani ya mafuta ya silikoni. Matone yalisukumana kwa sumaku na kukimbilia ukingoni. Yalipodondoshwa polepole, kila tone lilienda upande uliokabiliana na la kabla yake, kama majani ya muhindi. Walipoongeza kasi, matone yakajipanga yenyewe kwenye misokoto ya nanasi. Hapakuwa na mbegu wala jua pale, ila vitu vilivyokuwa vikisukumana kwa zamu.

Mfululizo wa namba hizo unaitwa kwa jina la Fibonacci, Leonardo wa Pisa, aliyeuweka kwenye fumbo la sungura wanaozaliana katika kitabu chake cha mwaka 1202. Kijana huyo aliletwa na baba yake Bugia, mji wa bandari katika Algeria ya leo, na huko ndiko alikojifunza kuhesabu kwa tarakimu tisa za Kihindi na ile ya kumi isiyo na kitu, ambayo Waarabu waliiita sifr. Fibonacci aliiandika zephirum. Wazungu wakaifupisha ikawa zero. Sisi huku pwani tuliipokea kwa mlango mwingine, tukaiita sifuri, kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza Tanga yuko karibu na neno la asili kuliko profesa wa Pisa.

Lakini kabla ya sungura palikuwa na mashairi. Yapata mwaka 1150, huko Gujarat, nchi ambayo majahazi yaliipelekea pembe za ndovu kutoka kwetu na kurudi na nguo, msomi Hemachandra alikuwa akihesabu mizani ya Kisanskriti. Katika ushairi ule silabi fupi hubeba pigo moja na ndefu mapigo mawili. Swali lake: mapigo fulani yanaweza kujazwa kwa njia ngapi? Mwalimu hulifundisha kwa kugonga dawati. Mapigo manne: ta-ta-ta-ta. Taa-ta-ta. Ta-taa-ta. Ta-ta-taa. Taa-taa. Njia tano, basi. Mapigo matano yana njia nane, sita yana kumi na tatu. Sababu iko wazi: wimbo wowote unaishia kwa "ta" au kwa "taa", hivyo idadi ya sasa ni jumla ya idadi mbili za nyuma. Washairi wa Kiswahili tusingeliiona namba hii kwenye tenzi zetu, maana kwetu kila silabi ni mizani moja, nane kwa kipande, ndefu wala fupi hakuna. Mpiga ngoma ndiye angeiona.

Uwiano mwingine ulimjia kwenye duka la steshenari, siku ya kurudufu michoro ya mtihani kutoka A4 kwenda A3. Kijana wa mashine alibonyeza 141 bila hata kuangalia.

"Kwa nini 141, kaka?"

"Ndivyo inavyokaa, mwalimu. Ukiweka 140 inabaki nyeupe pembeni, 150 inakata."

Kijana alikuwa sahihi kabisa. Upande mrefu wa A4 ni milimita 297, mfupi 210, na uwiano wake ni 1.414, kipeo cha pili cha 2. Ndio uwiano pekee wa mstatili ambao ukikunjwa katikati unabaki na umbo lile lile. Georg Lichtenberg, mwanafizikia wa Ujerumani, aliusifia kwenye barua ya mwaka 1786; mwaka 1922 Wajerumani waliufanya kipimo cha taifa kwa kazi ya Walter Porstmann, na sasa unatumika karibu dunia nzima, Marekani ikiwa miongoni mwa waliokataa. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, A4 ni moja ya kumi na sita yake. Ndiyo maana shiti la A4 la gramu 80 kwa mita ya mraba lina uzito wa gramu tano, na rimu ya shiti 500 kilo mbili na nusu. Kama mwandishi angeulizwa ni uwiano gani anaouheshimu zaidi, asingeutaja ule wa dhahabu. Angetaja huu wa steshenari, ambao wengi hawaupi hata jina la sifa.

Na kuna vipimo ambavyo hata havikuanzia kwenye hesabu. Likizo moja alikwenda Lamu, akalala kwenye nyumba ya mawe ya zamani, chumba kirefu kama mtumbwi na chembamba kiasi cha kumfanya ageuze begi ubavu. Akiwa bado na mazoea ya tepu, akapima upana: mita mbili na nusu na ushee. Akapima cha pili, hakikupishana sana. Akaanza kutafuta kanuni, labda ya nyota au ya kibla. Mzee mwenye nyumba akamnyooshea kidole darini, zilipopangwa boriti moja baada ya nyingine. "Mkoko haupandi zaidi ya hapo ukawa bado na nguvu," alisema. "Sisi tunaanza kujenga msituni." Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti, na nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba vya namna hiyo. Mtu wa Lamu akiingia humo angejua upana wake kabla ya kuinua macho.

Muhula uliofuata mwalimu aliingia darasani na mananasi sita na maka peni sita. Hakuandika kitu ubaoni. Aligawa makundi, akakaa dirishani. Makundi matano yaliyapata 8, 13 na 21 baada ya kubishana na kuanza upya mara mbili tatu. La sita, la yule msichana wa tepu, lilikuwa na nanasi lililoota vilemba viwili, limejipanua juu kama feni, na misururu yake ilijigawanya katikati ya safari. Walihesabu mara nne, wakapata namba nne.

"Mwalimu, letu tuandike nini?"

Alilishika, akaligeuza, akajaribu mwenyewe. Alipata ya tano. Darasa zima lilikuwa limesimama kumzunguka, na mtu alikuwa amekwisha kwenda kuazima kisu jikoni.